Mvinyo Kipili: hasara ya kizibo humwangukia mwenye duka

WAFANYABIASHARA wa vinywaji katika mwambao wa Ziwa Tanganyika huulizana juu ya bei, lebo na siku ambayo lori litapanda kutoka Tunduma, lakini wachache huuliza chupa imezibwa kwa kitu gani. Kwa bia na soda swali hilo halina maana, kwani kizibo cha bati ni kile kile kwa kampuni zote. Kwa mvinyo hali ni tofauti. Katoni mbili za mvinyo wa aina moja, zilizonunuliwa kwa bei moja katika ghala moja la Sumbawanga, zinaweza kumletea mwenye duka wa Kipili matokeo yasiyofanana hata kidogo, ikiwa moja imezibwa kwa kizibo cha gome la mti na nyingine kwa kifuniko cha alumini cha kuzungusha.

Kwa mtu mwenye mtaji mdogo tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe. Achukuliwe mwenye duka anayeongeza asilimia 20 juu ya bei aliyonunulia. Katoni ya chupa 12 ikitoka yote, faida yake ni pungufu kidogo ya thamani ya chupa mbili na nusu. Ikiharibika chupa 1 tu, faida hiyo inakatwa katikati. Katoni ya chupa 6 ni mbaya zaidi, kwani chupa 1 ikirudishwa na mteja, zile 5 zilizobaki zinarudisha fedha ya kununulia na hakuna cha ziada. Hapo nauli ya mzigo kutoka Sumbawanga bado haijahesabiwa, wala ushuru, wala kijana aliyeshusha katoni.

Ndiyo maana ushauri wa kwamba mvinyo "wa kweli" ni ule wenye kizibo cha gome unafaa kuangaliwa upya na kila anayepeleka mali ziwani. Ushauri huo ulitoka mahali penye vyumba vya chini ya ardhi vyenye ubaridi, rafu za kulaza chupa na wateja wenye vizibuo katika droo za jikoni. Kipili hakuna hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa pengine katika nyumba ya wageni inayopokea watalii.

Safari ya chupa peke yake inatosha kuonyesha tatizo. Mvinyo wa Dodoma unaopita njia ya kusini huanzia uwanda mkavu wa kati, ukapitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, ambako hukutana na ule wa Afrika Kusini unaoingia kwa barabara ya Zambia. Kutoka hapo ni kilomita 223 hadi Sumbawanga, barabara iliyowekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa MCC uliotiwa saini mwaka 2008. Lami imepunguza chupa zinazopasuka, na hilo ni jambo la kushukuru. Haikupunguza tofauti ya hali ya hewa. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai mtu hatembei bila koti. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Gari linalopita Namanyere na kuteremka ukingo wa uwanda wa Ufipa huingiza mzigo katika joto ndani ya saa chache tu.

Mvinyo ukipata joto hutanuka. Ndani ya chupa hauna pa kwenda isipokuwa juu, hivyo husukuma kizibo. Jioni ukipoa, husinyaa na kuvuta hewa kutoka nje ikiwa pana upenyo. Kizibo kizuri cha gome huvumilia mchezo huo kwa muda, kwani hutengenezwa kwa kipenyo cha milimita 24 hivi na kubanwa kuingia katika shingo ya chupa yenye milimita 18.5, na ule msukumo wa kutaka kurudi katika unene wake ndio unaoziba. Kikikauka, nguvu hiyo hupungua. Wanaojua kazi hulaza chupa ili mvinyo uguse kizibo na kukilowesha. Katika duka la Kipili chupa husimama kwenye rafu chini ya bati, lebo ikitazama mlango, kwa sababu chupa iliyolala haionekani na mali isiyoonekana haiuzwi. Hakuna muuzaji wa kulaumiwa kwa hilo.

Kusimama wiki mbili au tatu hakudhuru kitu. Tabu huanza mzigo unapolala miezi, na Kipili mzigo hulala. Fedha ya mwambao hufuata dagaa na migebuka, na dagaa hufuata giza. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa ziwani. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika nchi kavu, wanarekebisha nyavu na kuhesabu walichopata. Mwenye duka mzoefu anajua siku ambazo mlango wake hautapata nafasi ya kufungwa na siku ambazo atauza chumvi na kiberiti tu. Mvinyo huwa wa mwisho kununuliwa fedha inapokuwa haba. Kunywa ni jambo la kila wiki, lakini bia na pombe ya kienyeji vipo, tena kwa bei ya chini.

Mwaka 2024 mambo yalikwenda mbali zaidi ya mwezi na giza. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Faida ya hatua hiyo kwa ziwa haina ubishi mkubwa. Kwa mwenye duka ilimaanisha miezi mitatu ya mnunuzi asiye na kipato. Yeyote anayeweka mvinyo mwambao sasa lazima ahesabu kuwa katoni aliyonunua Aprili inaweza kuwa bado iko kwenye rafu Agosti, imesimama na kupata joto la mchana kwa siku zaidi ya 90. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha nayo itaathirika, kwa sababu joto huzeesha mvinyo hata ukizibwa namna gani. Lakini kifuniko chake hakitakauka. Ndani yake mna bitana nyembamba inayobanwa juu ya mdomo wa chupa, na bitana hiyo haijali kama chupa imelala au imesimama.

Kuna kasoro nyingine ya kizibo cha gome ambayo haitokani na Kipili wala na barabara. Gome hilo huvunwa kwenye aina ya mti unaoitwa mwaloni, ambao hauhusiani na mwalo wa wavuvi, na zaidi sana nchini Ureno, inayotoa karibu nusu ya gome lote la vizibo duniani. Mti huvuliwa gome kila baada ya miaka 9 na kuota jingine bila kufa. Warina asali wa Rukwa na Katavi wanaochonga mizinga ya magome ya miombo watashangaa kusikia hivyo, kwani mti wa miombo ukivuliwa gome kwa mzinga huo ndio mwisho wake. Kwa upande wa mazingira, basi, kizibo cha gome kina heshima yake. Tatizo ni kwamba ndani ya gome huweza kuwamo kemikali ambayo mwaka 1981 mtaalamu wa Uswisi, Hans Tanner, aliitambua kuwa chanzo cha harufu mbaya katika mvinyo. Kwa kifupi huitwa TCA. Haimdhuru mnywaji, ila sehemu chache tu kati ya trilioni zinatosha kuufanya mvinyo unuke kama gunia lililolowa na kuachwa ghalani.

Viwanda vya Ureno vimefanya kazi kubwa kupunguza kasoro hiyo na si haki kusema vimekaa tu. Hata hivyo inapotokea haionekani kwa nje. Mwenye duka ataipokea kwa bei kamili, ataisafirisha kwa nauli kamili, na mteja ndiye atakayemjulisha. Mteja wa mwambao hatasema kizibo kilikuwa na kasoro. Atasema duka fulani linauza mvinyo mbovu, na habari hiyo itafika Kirando kabla ya jioni.

Waliofanya uamuzi mapema kuhusu jambo hili hawakuwa maskini wala wajinga wa mvinyo. Kifuniko cha kuzungusha cha mvinyo kilianzia Ufaransa, na watengenezaji wa Australia walikijaribu katika miaka ya 1970. Mvinyo ulikaa vizuri, lakini wanunuzi waliona kifuniko hicho ni cha vinywaji vya bei ya chini na wakakikataa, hivyo watengenezaji wakarudi kwenye gome. Mwaka 2000 watengenezaji wa bonde la Clare nchini humo walirudi tena kwenye kifuniko, safari hii kwa pamoja. Kwa kuwa chupa zenye shingo ya kufaa hazikupatikana kwao, waliunganisha oda na kuziagiza Ufaransa. Mwaka uliofuata wenzao wa New Zealand waliunda umoja wa kuhimiza kifuniko hicho, na leo sehemu kubwa sana ya mvinyo wa nchi hiyo hufungwa kwa kuzungusha, ukiwamo ule wa bei ya juu.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia ilikuwa imeanza kupima mvinyo wa aina moja uliofungwa kwa vizibo vya aina 14. Kifuniko cha kuzungusha kilihifadhi mvinyo kuliko vingine, ingawa baadhi ya chupa zake zilitoa harufu ya mpira au ya kiberiti kutokana na kuzibwa mno. Kasoro hiyo ni ya kweli na wanaopenda gome huitaja kila mara. Inarekebishwa kiwandani, kwa namna mvinyo unavyotayarishwa kabla ya kujazwa. Kilichokauka Kipili hakirekebishwi popote.

Hoja yenye uzito zaidi kwa upande wa gome ni ya heshima. Kwenye harusi ya Namanyere au Krismasi ya mtumishi aliyepanda cheo, chupa inayotoa mlio inapozibuliwa ni sehemu ya sherehe. Kifuniko cha kuzungusha kinamkumbusha mnunuzi konyagi na vichupa vidogo vilivyojaa madukani baada ya Serikali kupiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mteja anayelipa bei ya mvinyo hapendi kuonekana amenunua kitu kinachofunguka kama konyagi. Muuzaji anayedharau hisia hiyo atajifunza kwa hasara.

Lakini heshima hiyo ina siku zake, na siku hizo zinajulikana. Harusi hutangazwa mapema na kamati huagiza vinywaji kwa fedha ya michango. Chupa za gome kwa ajili hiyo zinaweza kuagizwa kwa idadi, zikalipiwa kabla, zikafika wiki ile ile na kunywewa bila kukaa kwenye rafu. Hapo kizibo cha gome hakina ubaya wowote kwa muuzaji. Nyumba za kulala wageni zinazotaka mvinyo wa gome kwa ajili ya watalii nazo ziagize kwa utaratibu huo. Kuweka chupa za namna hiyo dukani kwa kubahatisha kuwa ofisa atapita ndiko kunakofunga mtaji.

Mbali na sherehe, mambo ni mengine. Wengi wa wanunuzi hawana kizibuo. Kizibo husukumwa ndani kwa msumari au mpini wa kijiko, vipande vikaelea katika glasi, na chupa haiwezi kufungwa tena. Hili la kufunga tena lina fedha ndani yake. Baa ndogo inayouza mvinyo kwa glasi haimalizi chupa kwa mteja mmoja. Ikiwa na kifuniko, chupa hurudishwa kwenye friji na kuuzwa kesho. Ikiwa ya gome lililozamishwa, mwenye baa atainywa mwenyewe au ataimwaga. Wanaovuka kwa mitumbwi kwenda visiwa vilivyo mbele ya Kipili nao hawabebi chupa iliyo wazi.

Mnunuzi mmoja wa mwambao huu hana muda na mlio wa kizibo. Parokia zimenunua divai ya misa huku tangu wakati wa Wamisionari wa Afrika, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 924, inadai divai hiyo iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Divai iliyogeuka siki haifai altareni hata kama ililipiwa. Kwa matumizi ya padri, anayechukua kiasi kidogo kila asubuhi na kufunga chupa, ni vigumu kuona gome linamsaidia nini. Muuzaji wa jumla wa Sumbawanga anayetafuta mteja wa kudumu, asiyetegemea mbalamwezi, angeanzia hapo.

Linalotisha katika vifuniko ni udanganyifu. Chupa yenye kifuniko ni rahisi kujazwa tena, na pombe isiyo halali inaweza kuvaa lebo ya kampuni yenye jina. Wanaotetea gome husema kizibo chao hakirudishwi, nao wana haki kwa sehemu. Ila kifuniko cha mvinyo kina pete chini yake iliyounganishwa kwa vishikizo vyembamba, navyo hukatika mara ya kwanza kinapozungushwa. Pete ikiwa imeachana, chupa imekwisha kufunguliwa. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2019 mvinyo na pombe kali hubandikwa stempu za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato, ambazo mwenye simu anaweza kuzihakiki. Muuzaji anayepokea katoni bila kukagua pete na stempu asilaumu kifuniko. Na baa zivunje chupa tupu badala ya kuziuza kwa wanaozipita kuziokota. Senti hizo chache zinarudi dukani zikiwa na sumu.

Uamuzi hauwezi kuachiwa wenye maduka peke yao, kwa sababu wanauza kinachofika. Watengenezaji wadogo wa Dodoma wanazidi kuongezeka, na sheria ya ushuru wa bidhaa inawapa kiwango nafuu wanaotumia zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75. Wengi huanza na kizibo cha gome kwa sababu inayoeleweka: mashine ya mkono ya kusukuma kizibo ni ya bei nafuu na fundi mmoja anaiweza. Kifuniko cha kuzungusha kinahitaji chupa yenye shingo ya mizunguko na mashine yenye magurudumu madogo yanayoubana mkanda wa alumini hadi ufuate mizunguko hiyo. Mtu mmoja anayejaza chupa elfu chache hawezi kubeba gharama hiyo.

Kumi wanaweza. Waliofanya hivyo Clare walikuwa washindani sokoni na waliendelea kushindana baada ya chupa kufika. Mwekezaji mdogo anayetafuta pa kuweka fedha katika mvinyo wa Dodoma, badala ya kufungua lebo nyingine tena, angefikiria mashine moja ya kufungia chupa inayowahudumia wengi kwa malipo ya kila chupa, kama ilivyo kwa mashine za kusaga mahindi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo mashine haitalala kama zile za Ulaya zinazosubiri msimu mmoja. Mvinyo wenyewe hunyweka ungali mchanga. Hauna haja ya kizibo kilichobuniwa kwa ajili ya kukaa miaka 20.

Hadi hapo, mwenye duka wa Kipili anaweza kufanya jambo moja anapokwenda Sumbawanga. Kabla ya kuuliza bei, aulize nani anabeba hasara ya chupa itakayofunguliwa ikiwa imeharibika. Muuzaji wa jumla akikubali kwa maandishi kubadilisha chupa za gome zenye kasoro, bei yake inaweza kulinganishwa na ya chupa za kifuniko. Akikataa, chupa ya gome inapaswa kuuzwa kwa bei ya chini zaidi, na upungufu huo ujadiliwe pale pale kwenye kaunta. Kwa katoni ya chupa 6 na faida ya asilimia 20, punguzo linalotosha kufidia chupa 1 iliyoharibika ni thamani ya chupa 1 nzima. Muuzaji wa jumla asiyetaka kutoa punguzo hilo anajua vizuri kwa nini hataki.